Balungi la Asubuhi

Ulipotimiza sitini na nane, Taisto,
bado ulikuwa ukiteleza kwa skii hadi kanisani Lieksa,
ukirudi na barafu kwenye nyusi na njaa ya fahali.
Siagi uliikata vipande kama jibini.

Kisha ikaja barua ya maabara:
mafuta ya damu, tarakimu yenye nyota pembeni.
Babako alianguka akipasua kuni, ana hamsini na moja.
Hatukuhitaji kuelezwa zaidi.

Kidonge kimoja, cheupe, kila usiku.
Udogo wake! Punje ya mtama.
Nami nikaapa kukusaidia:
siagi nikaipiga marufuku,
nikaleta balungi la dukani, lililosafiri kutushinda sote,
kila alfajiri nikalikata nusu mbili:
nusu yako,
na nusu yangu nayo yako.

Februari mapaja yakaanza.
Ulisema, uzee. Nikasema, baridi.
Ngazi za sauna ni tatu tu; ukazipanda kwa mikono.
Skii zikasimama ukutani
kama wageni wasioambiwa keti.

Ndani ya buti lako la kushoto nilikuta vidonge kumi na viwili.
Nilivihesabu mara mbili. Sikupiga kelele.
Kesho yake nikakusimamia, glasi mkononi,
mpaka umeze,
mpaka ufungue kinywa nione.

Siku mkojo ulipotoka na rangi ya chai iliyolala
nikaendesha gari mimi, kilomita tisini, theluji ikipiga kioo.
Daktari Sirkku akauliza mambo mengi, mwishowe hili:
asubuhi mnakula nini?
Nikajibu mbio, kama mtoto anayejua jibu.
Akaweka kalamu chini.
Balungi, akasema, huizuia dawa hii isivunjwe mwilini;
kidonge kimoja hufanya kazi ya vingi.

Kikulacho, kumbe, kilikuwa sahanini,
na kijiko nilikutolea mimi.

Njiani ulicheka hadi ukashika mbavu.
"Irja, ungetumia shoka, lina haraka."
Mimi sikucheka. Nilitazama barabara.

Sasa ni dawa nyingine, dozi ndogo,
na damu hupimwa tena mwezi ujao.
Mapaja yana siku zake. Jana ulifika
hadi sanduku la barua, ukarudi, ukakaa kitako bila kusema.

Balungi la mwisho liko dirishani,
ganda limeanza kukunjamana.
Kila nikilishika nilitupe
nalirudisha palepale.