Mguu Mwepesi

Verlin aliuza lile gari kuukuu
lililokunywa petroli kama mlevi siku ya mshahara,
akarudi Hibbing na pikapu ndogo ya haibridi,
ya kijivu, kimya kama mgeni mwenye deni.

Tangu hapo naishi na mwanamume anayeongea na kiatu chake.
"Usikanyage," anakiambia. "Bonyeza.
Kuna yai chini ya kidole gumba."
Akiiona taa nyekundu mitaa miwili mbele, anaachia,
tunateleza, tunateleza,
nyuma yetu honi zinalia kama bata,
naye anatabasamu: "Hii si breki, Marlys, ni kibubu.
Ukiigusa taratibu, unatumbukiza senti."

Jumamosi hupima upepo wa tairi kabla ya kahawa.
Barabara kuu haendi zaidi ya maili sitini;
malori ya magogo hutupita, yakituachia matope ya theluji.
Alitoa mifuko yote ya mchanga nyuma, kupunguza uzito,
mpaka tulipozungushwa na barafu
tukaling'oa sanduku la barua la mchungaji Maki.
Akarudisha mifuko miwili.
Wa tatu, alisema, ni anasa.

Na daftari! Lilikuwa la mayai, enzi za kuku wetu.
Sasa linataga namba:
thelathini na nane nukta mbili, arobaini, arobaini nukta sita,
hiyo ya mwisho ameipigia mistari miwili,
kama watu wapigavyo tarehe ya kuzaliwa mjukuu.

Lakini kulikuwa na hita.
Injini hulala, betri hutuvuta,
na ukitaka joto, injini lazima iamke ikuwashie jiko.
Basi Januari nzima, digrii ishirini chini ya sifuri,
mkono wangu ukisogea kwenye kitufe, alikohoa.
"Vaa soksi mbili."
Haba na haba, Verlin, nilimwambia,
lakini kibaba hiki kimejaa barafu.
Magoti yangu yana miaka sabini na moja,
hayajawahi kuulizwa bei ya galoni.

Februari wakamtoa mtoto wa jicho, hospitali ya Duluth.
Kuendesha, marufuku. Usukani ukawa wangu, kwenda na kurudi.

Sikumwambia kitu. Nilikunja blanketi mapajani,
nikawasha joto la kiti, lile dogo la mgongoni,
na hita kidogo, ndiyo, hita,
nikaondoka nilivyozoea.

Miaka thelathini nimebeba keki za harusi:
ghorofa tatu, waridi za sukari, nguzo za plastiki,
kutoka jikoni kwangu hadi kumbi za makanisa ya wilaya nzima.
Hakuna aliyenifundisha kibubu.
Bibi harusi mmoja alilia mbele yangu, Virginia, mwaka wa sabini na tisa,
ghorofa ya juu ikiwa imelala kwenye zulia la gari,
na tangu siku hiyo
huona kona kabla haijajiona yenyewe.

Tukashuka kilima cha Duluth, ziwa limeganda jeupe chini yetu,
mguu wangu juu ya breki kama kiganja juu ya unga.
Betri ikajaa hadi juu.
Kurudi, kilima kikataka chake; nikakilipa polepole.

Mbele ya mlango wetu kioo kikaandika:
arobaini na mbili nukta tisa.

Verlin, jicho moja chini ya bandeji,
jingine likitoa machozi kwa mwanga,
akageuza uso upande wa namba asizoweza kuzisoma.
"Ngapi?"

Theluji ilikuwa inaanza tena, nyepesi.
"Thelathini na tisa," nikasema.

Akashusha pumzi, mtu aliyewekewa kiti chake.
"Ni hita," akasema kwa upole.
"Ni hita," nikakubali,
nikaiacha ikivuma dakika nyingine mbili
kabla sijazima.