Pengo la Kisu

Panga letu lilichukuliwa na mto Mubuku
saa nane mchana, tulipovuka kwa kushikana mikanda.
Halikuzama kwa kishindo. Lilimeta mara moja
kama samaki aliyegeuka ubavu, basi.
Nani alilifunga vibaya? Mimi.
Hakuna aliyeniuliza,
na hilo lilinielemea kuliko mzigo.

Jioni ukungu ukatukuta chini ya mwamba,
watu wanne na kibiriti kimoja ndani ya mfuko wa nailoni.
Mafuta ya taa yalikuwa yamemwagikia unga.
Thembo alikuwa ameacha kutetemeka,
na sisi wabeba mizigo wa milima hii tunajua:
mtu wa baridi akitulia, hajapona.

Mvua ya Rwenzori hainyeshei mti,
imehamia ndani ya gome lake, imezaa humo.
Nilivunja vijiti, nikang'oa zile ndevu za kijivu
zinazoning'inia matawini, nikapanga, nikawasha.
Njiti ya kwanza. Ya pili. Ya tano.
Moshi ulinitazama, ukaondoka.

"Acha kubembeleza maganda," akasema Ithungu, mpishi wetu.
Akaburuta gogo la mti uliojifia wenyewe
(ulio hai haturuhusiwi kuugusa, hata tukifa),
akachomoa kisu chake cha kumenyea viazi.
Baba yake alikifua kutoka springi ya lori la mgodi
enzi shaba ya Kilembe ikilisha watu.

Husemwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Usiku ule nyama haikuwepo,
na makali ya kisu kile yalitosha nyanya,
tena nyanya iliyoiva.

Akalisimamisha gogo juu ya jiwe.
Akayalaza makali kichwani pake, penye ufa mwembamba kama unywele,
akakigonga kisu mgongoni kwa kipande cha tawi:
ko.
Ko.
Bila hasira. Kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba yenye mgonjwa.
"Hapa kisu hakikati," akasema,
"kinawatenga tu walioanza kuachana zamani."
Ncha ilipotokeza upande wa pili akaigonga ncha,
mpini ameushika imara, kiwiko mbali na goti,
hadi gogo likashusha pumzi, likawa mawili.

Na ndani, jamani, ndani palikuwa pakavu.
Rangi ya mkate. Harufu ya sanduku la nguo za sikukuu.
Miaka yote ile ya mvua
na maji hayajawahi kufika pale.

Nikaomba zamu.
Nikapiga kama ninayelipa deni la panga.
Kifundo sikukiona, nilikisikia:
mlio mfupi, kama wa jino.
Ithungu akakipokea kisu, akapitisha kidole gumba,
akakaa na lile pengo kwa muda.
"Kifundo ni pale mti uliposhikilia tawi.
Hauachii. Zunguka."
Kisha akapasua vipande vinane,
viwili akavichonga vikaota manyoya ya kujikunja,
na njiti ya tisa ikakubali.

Saa nne usiku Thembo alianza kutetemeka upya.
Meno yake yaligongana, nasi tukashangilia
kama watu walioona goli.

Juzi nilipita kwake Kyanjuki.
Alikuwa akimenya matoke kwa kisu kilekile.
Ganda lilitoka refu, la kupendeza,
na kila pengo lilipopita
lilibakiza uzi mmoja wa kijani
uking'ang'ania ndizi.
Nikajitolea kukipeleka kwa mnoaji, gharama zangu.
"Kiache," akasema bila kuinua macho.
"Uzi huo ndio unaonikumbusha kukudai panga."