Nakuunganisha

Miaka ishirini na sita Mama alikaa Posta,
vipokea sauti masikioni, waya mkononi,
akiijua namba ya bandari, ya hospitali, ya kiwanda cha nguo,
bila kufungua kitabu.
Alipostaafu, kipaji kikahamia kwenye luku:
tarakimu ishirini, alizisoma mara moja dukani kwa Mangi,
akarudi nazo kichwani hadi kwenye mita.
Bonyeza, bonyeza, taa hiyo.
Sisi tulibeba karatasi. Alitucheka.

Mwezi wa Rajabu nikamkuta mbele ya mita,
kidole hewani, tarakimu saba tu zimeingia.
“Mashine hii mbovu,” akasema.
Nikasema ndiyo. Nikambonyezea.

Pilau ikaja haina chumvi;
ya Ijumaa iliyofuata, chumvi ya watu wawili.
Salehe akakamulia ndimu, akasifu.
Funguo zikapatikana ndani ya ndoo ya mchele.
Mangi akaniita pembeni:
sukari ileile kainunua mara tatu tangu asubuhi,
shika, hizi pesa zake.
Jirani akasema uzee. Mwingine, mkono wa mtu.
Mimi nikasema joto,
maana joto la Dar halikatai lawama.

Siku aliyopotea hakwenda mbali.
Magomeni, nyumba ya nne kutoka kwetu,
kasimama na mfuko wa dagaa
kama mgeni anayengoja kukaribishwa.
“Mwamvita,” akaniita.
Mwamvita ni dada yake. Walimzika Kisutu
mimi sijazaliwa.
Nikaitika.

Usiku, nikitafuta kadi yake ya bima,
nikakuta daftari chini ya godoro.
Mwandiko wa kazini, umenyooka:

*Jiko la gesi, zima. Tazama tena.*
*Salehe ni wa kwanza. Hanywi maziwa.*
*Leo nimekosa jina la mswaki.*
*Usiwaambie.*

Ukurasa wa kwanza una tarehe ya mwaka juzi.

Mwaka juzi.
Alikuwa peke yake humo ndani, na kalamu,
sisi tukikamua ndimu.

Kesho tuna miadi Muhimbili, saa mbili.
Nimemwambia. Ameuliza. Nimemwambia.

Simu imeita: Salehe, kutoka Tanga.
Mama kaipokea, kasikiliza, mgongo umenyooka.
“Usikate,” amesema, kwa sauti ileile ya Posta,
“nakuunganisha.”
Kisha kanigeukia, simu kiganjani,
macho yanatafuta tundu la kuchomeka waya,
na mwanawe upande wa pili
anaita, Mama, Mama,
hajakata.