Onja Wewe

Mama yangu Kabugho ana miaka arobaini na sita,
lakini hapa Katwe ukisema mtu amekula chumvi nyingi
husemi habari za umri peke yake.

Alizaliwa ukingoni mwa ziwa lisilo na mlango.
Chemchemi huingia, mvua ya Aprili huingia,
hakuna mto unaotoka.
Jua tu ndilo lenye ruhusa ya kuondoka na kitu,
nalo huchukua maji, huacha chumvi.
Kwa hiyo tulikula. Kwa hiyo nilisoma:
karo ya mwaka wa mwisho ilikuwa magunia kumi na tisa
yaliyovuka mpaka pale Mpondwe.

Zilianza ndala.
Jumatatu zilimbana, Jumatano akazikata ukanda kwa wembe.
Zimesinyaa kwa jua, akasema.
Kisha kope, asubuhi,
zimeumuka kama unga uliolala na hamira.
Nikabonyeza mundi wake kwa kidole gumba,
nikaondoa kidole,
kishimo kikabaki
kama unyayo wa heroe kwenye tope.

Daktari wa Kasese, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni,
alichora figo nyuma ya kadi ya kliniki.
Nyie mna kijaruba, siyo?
Basi figo ni mtu mwenye jembe mlangoni pa kijaruba.
Chumvi ikizidi, hufungua, inatoka na mkojo.
Ikipungua, huziba.
Vichujio vyake ni kama milioni kila upande,
na vya mama yako vingi vimegeuka makovu;
presha imepita humo miaka, bila kubisha hodi.
Sasa chumvi inafika, haina pa kutokea.
Nayo haikai peke yake, huita maji,
na maji hayajui kukataa wito.

Ajabu ni hii, akasema, akichora mshale:
figo iliyougua, ikionja damu haba mishipani mwake,
hudhani mwili wote umekauka.
Hupiga mbiu: ukame! shikeni chumvi, shikeni!
Na mama yangu ameketi pale, amejaa hadi magotini.

Nilicheka. Sikutaka kucheka.
Nilimkumbuka mjomba Kithaghenda,
akiota tu kwamba bei itapanda hujaza magunia chumbani
mpaka watoto wanalala jikoni.

Tulirudi na vidonge vya kukojoa, vidonge vya presha,
na karatasi: chumvi ya siku nzima
isijaze kijiko cha chai.
Mama aliikunja mara nne.
Mtu wa Katwe, akasema, kupimiwa chumvi kwa kijiko!

Nikaanza kujifunza kupika upya.
Bundu haikuwa na neno, haijawahi kudai kitu.
Ngege nikampaka ndimu, tangawizi, kitunguu saumu.
Mama alitafuna polepole
kama anayesoma barua isiyo yake.
Umepika vizuri, akasema,
akasukuma sahani.

Usiku hulala ameketi, mito mitatu mgongoni.
Akijinyoosha, maji humfuata kifuani.

Jana alitaka kufika kijarubani.
Saa nane, jua limesimama, maji yamepiga wekundu,
utando wa kwanza unaelea.
Miaka thelathini amepima kwa ulimi:
huchovya kidole, hulamba, hutema,
hutaja siku zilizobaki. Wachuuzi humwamini kuliko mizani.

Alichovya.
Kidole kikafika karibu na mdomo, kikasita,
kinene, kinang'aa, tone likining'inia.
Akaninyooshea mimi.
Onja wewe.

Nikalamba kidole cha mama yangu.
Ulimi ukawaka, jicho moja likajifumba lenyewe.
Siku ngapi? akauliza.
Sikujua. Nikasema nne.

Hakuwa akinisikiliza.
Alikuwa akinitazama uso, jinsi ulivyojikunja.
Tatu, akasema,
akajifuta kidole kwenye kanga, mara mbili,
kwa makini.