Picha ya Zoezi la Nane

Mtandao wa Kayenze haushuki mpaka ziwani.
Unaishia juu ya jiwe, nyuma ya zahanati,
ndiko nilikosomea lishe miezi mitano,
simu goti hili, daftari goti lile,
na mjusi kafiri, kichwa chekundu,
mwanafunzi mwenzangu asiyekosa kipindi.

Mwalimu Nyanzobe aliishi ndani ya kioo kama kiganja.
Akikaribia penye utamu, bando linakata,
kiduara kinazunguka, kinazunguka,
mdomo wake umeganda kwenye "pro—"
namalizia mwenyewe: tini.
Mtihani nikapata tisini na mbili.
Nilishuka jiweni kifua mbele.

Kisha yakaja ya vitendo, wiki mbili,
jikoni pale pale, hatua thelathini chini ya jiwe.
Nyanzobe akaja kwa miguu yake,
mfupi kuliko sauti yake,
na kovu la sufuria mkononi
ambalo simu haikuwahi kulionyesha.
Hakuuliza nilipata ngapi.
Alinipa mwiko.

Simu ilisema: dagaa wa kusaga, gramu hamsini.
Mizani imekufa betri.
Milembe, ambaye utepe ulisoma njano
kwenye mkono wa mwanawe,
akachota kwa kiganja, akapeperusha, akasema,
"Hawa walianikwa chini. Tafuna, usikie."
Nikatafuna. Mchanga ukalia menoni.
Moduli kumi, na hakuna hata moja
iliyoniambia dagaa wana sauti.

Uji wa kwanza, mabonge.
Wa pili ukaungua, nikausingizia mkaa.
Wa tatu Nyanzobe akauonja, akanyamaza,
akanipa kijiko.
Sikuwa nimeonja.
Miezi mitano najiandaa kulisha kata nzima
na ulimi wangu bado mgeni.

Tena mtoto wa kwenye simu alikuwa mchoro:
anaachama, anatabasamu, somo limeisha.
Masalu wa Milembe, miezi kumi na minne,
alifunga mdomo kama duka
lililosikia watu wa kodi wako sokoni.
Nilipiga makofi. Nikawa ndege, nikawa pikipiki.
Akakipiga kijiko, uji ukatua kwenye kitenge changu kipya.

Milembe alicheka mpaka akashika ukuta.
"Kaa chini, mwalimu. Huyu hali
mbele ya mtu aliyesimama."

Nikakaa. Sakafu ilikuwa ya baridi.
Huko mwaloni wanawake wakigeuza dagaa juu ya vichanja,
mwewe wakihesabu,
uji ukipoa kwa kiasi chake,
na Masalu, bila kuitwa, akasogea,
akaingiza mkono wote.

Jioni nilipanda jiwe, chaji asilimia tisa.
*Zoezi la nane: andaa mlo wa mtoto. Ambatanisha picha.*
Nikatuma bakuli la Masalu:
michoro ya vidole vinne ukingoni,
kitako kinang'aa.

Asubuhi jibu limeshaingia,
si la Nyanzobe, la mashine inayosahihisha:
*Picha yako haionyeshi chakula. Tafadhali tuma tena.*

Mjusi kafiri alikuwepo, anapiga pushapu zake,
ananitazama kwa jicho moja.
Nilimgeuzia simu asome.

Sijatuma tena.