Picha Bila Rula

Zamani nilikuwa na studio, Magomeni Mapipa,
pazia la maporomoko ya maji na kasuku wawili.
Watu walikuja na nguo za Idi,
wakininong'oneza: nitoe mweupe kidogo.
Nikawatoa. Ndiyo iliyokuwa kazi,
kuongopa kwa heshima.

Sasa ni chumba namba tisa, jengo la nyuma, Upanga.
Taa mbili, kitambaa cha buluu, rula,
na kikadi cha rangi, nyekundu isije ikasomeka zambarau
kwa mtaalamu aliye mbali.
Sura haitakiwi. Jina halitakiwi.
Natakiwa bega, kwapa, kisogo, wayo,
palepale, kila baada ya wiki sita,
kama mtu apimaye kisima
asijue ni maji yanayoshuka
au ni kamba inayorefuka.

Nawajua kwa migongo.
Thelathini ni kijana mwenye ualbino, Gongo la Mboto,
sikio limeliwa nusu na jua la utotoni.
Kumi na saba ni mtoto; ngozi yake huchunika kwa kuguswa tu.
Mama yake amejifunza kumkumbatia bila kumshika.

Arobaini na moja ni fundi cherehani, Buguruni Malapa.
Miaka sita alipakwa dawa ya fangasi,
kisha ya pumu ya ngozi,
kisha akaambiwa pana jicho la mtu.
Akaoga majani, akachinja kuku mweusi,
akamnunia wifi yake bure.
Mabaka yakabaki kiunoni, hayaumi, hayawashi sana,
mgeni asiyeomba chakula wala haagi.

Dokta Nyamtondo alimsomea fomu, kurasa nane:
unaweza kujitoa wakati wowote;
huenda usinufaike wewe mwenyewe.
"Hapo. Rudia."
Akarudia.
"Yaani kitambaa changu, gauni la mwingine."
"Huenda."
Akasaini taratibu, Mwajabu Pazi.
Jina likafungiwa kabatini, akatoka na namba.

Kipande kilichokatwa hakikuzidi punje ya dengu.
Aliinama kulitazama tundu:
"La kifungo, shati la mtoto."
Nyuzi mbili. "Mimi ningepiga tatu," alimwambia Dokta,
"ila si mbaya kwa mtu asiye na cherehani."

Majibu yakaja: saratani, tena ile adimu,
daftari zima lina wenzake kumi na mmoja.
Hata jina lake la kitabuni, Dokta alisema,
linataja fangasi. Waliolibatiza nao walidanganyika.
Mwajabu akacheka,
cheko la kwanza kulisikia chumba kile.
"Kumbe hata wao walipaka ile dawa!"

Mara tatu kwa wiki akasimama uchi
ndani ya kabati la mwanga,
umeme ukikatika anahesabu upya.
Wiki ya sita. Ya kumi na mbili. Ya kumi na nane.
Mimi na rula yangu.

Kumi na saba hakurudi.
Dokta aliandika tarehe kwenye jedwali
kisha akakaa na ile kalamu mkononi.
Kile kitambaa cha buluu
nilikikunja, nikakikunjua, nikakikunja.

Siku ya mwisho Mwajabu alikuja na gauni la rangi ya bizari,
kola kaishona mwenyewe.
"Leo toa hiyo rula. Nipige mimi."
Sikuwa na pazia wala kasuku.
Kidole, kwa mazoea ya Magomeni, kikaenda kuzidisha mwanga.
"Usinitoe mweupe.
Wala usinizibe macho."

Picha ile haimo kwenye jalada.
Niliisafisha Kariakoo kwa pesa yangu,
akaitazama muda mrefu, akasema kola imepinda.

Chini ya gauni, upande wa kushoto,
limebaki baka moja, kama sarafu ya mia.
Mimi najua lilipo.
Picha haijui.