Kiima Kilichofichwa

Jumanne na Alhamisi, nikitoka zamu,
darasa la Kiingereza hukaa Igogo
ndani ya ghala la pamba lisilo na pamba tena.
Tuko tisa. Mimi huingia na buti za mpira kwenye mfuko wa rambo,
gamba la sangara limenasa kwenye nyusi,
na Mwalimu Bituro hufungua dirisha
bila kusema kwa nini.

Leo, akasema, sentensi ya kuamuru.
Akaandika neno moja, akaligongea nukta:
Come.
Tukasubiri mengine. Hayakuja.
"Ndiyo nzima hiyo. Imeshiba."
Luhende, fundi baiskeli,
aliyesumbuliwa na kiima tangu Januari, akainua mkono:
leo kiko wapi?
"Kimefichwa. Ni wewe.
Hutajwi, kwa kuwa umesimama hapo unamtazama anayesema."

Kwetu amri huhesabu watu.
Njoo, ni mmoja. Njooni, na wenzako.
Kile kisilabi cha mkiani
mama alikirusha kutoka jikoni kama mtama kwa kuku
na sote sita tukajua tumeitwa.
Kiingereza hakihesabu.
Uwe peke yako, uwe umati wa mwalo wa Kirumba,
ni Come ileile;
kila mtu ajikague.

Hapo nikaukumbuka ukuta.
Miaka minne nakata minofu mbele ya bango la bluu,
maneno meupe, mistari minne.
Nilidhani ni historia ya kampuni.
Usiku ule, kitandani, nikalisoma kwa kichwa:
Nawa mikono. Vaa kofia. Usiongee. Usikimbie.
Nikamtafuta anayeambiwa. Hayumo.
Kumbe miaka yote hiyo ukuta ulikuwa unanisemesha,
nami nikidhani unajisemea.

Kazi ya nyumbani: amri tano.
Ya kwanza nikampa mwanangu: lala.
Ya pili, mbuzi wa jirani
apandaye jiwe lililoegemea bati letu: shuka.
Ya tatu, umeme: rudi.
Ya nne ilikuwa ya Bwana Rwechungura, msimamizi wa zamu,
na kalamu ikagoma.
Kwa Kiswahili ningeiviringishia kanga tatu,
samahani, naomba, kama itawezekana,
mpaka isijulikane ndani kuna nini.

"Please ni kofia," akasema Mwalimu, "kichwa ni kilekile.
Na mkisali je? Utupe leo.
Ile u ya mbele Mwingereza kaiacha mlangoni.
Mungu huombwa kwa umbo lilelile
analofukuziwa mbuzi."
Veneranda akafanya ishara ya msalaba,
kisha akanakili.

Ijumaa barafu ilichelewa, samaki wakaanza kulegea.
Bwana Rwechungura akaja mbio katikati ya meza,
sakafu maji na utelezi,
kichwa wazi, anafoka kwenye simu.
Sikusema neno. Nilinyoosha kisu,
hapana, kidole; kisu nilikuwa nimekiweka chini, andikeni hivyo,
nikaelekeza ukutani.

Akasimama. Akasoma, midomo ikicheza.
Nikamwona anamtafuta anayeambiwa,
mstari kwa mstari, kama nilivyomtafuta mimi,
asimkute mtu mwingine.
Akakata simu.
Akaenda kuchukua kofia, taratibu,
kama anayevuka mto Mirongo kwa mawe.

Ya nne sikuiandika. Niliweka nukta tupu.
Ya tano sikuifikia.
Mwalimu akaizungushia nukta wino mwekundu,
na pembeni, kwa mwandiko wake wa kulala:
Kitenzi nacho kimefichwa?